Import ya profaili ilivyomfanya fundi wa boti kuwa mfamasia, hapa Kisangani

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisangani. Hii nimeishuhudia mwenyewe, na kama kuna mwenzangu wa kazini humu, anisahihishe nikitia chumvi.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye shirika linalopeleka dawa vituo vya afya vya mtoni. Tulihamia seva mpya ya kazi: nyaraka, ujumbe, maombi ya dawa, vyote humo. Kila mfanyakazi ana profaili, na profaili ndiyo inayoamua ombi liende kwa nani.

Tukafanya import ya profaili kutoka seva ya zamani. Ikamaliza bila error hata moja. Nikatembea ofisini kifua mbele kama bwana harusi.

Sasa, siku boti inapakiwa kwenda kituo cha Yanonge, ombi la dawa za malaria halipiti. Papa Augustin, mfamasia mkuu, ndiye wa kuidhinisha, na kwake halionekani.

Kutafuta, kumbe limekwenda kwa Trésor.

Trésor ni fundi wa injini ya boti hiyohiyo!

Nikarekebisha profaili kwa mkono. Import, iliyopangwa kujirudia yenyewe, ikapita tena, ikaharibu. Nikarudia, ikaharibu vilevile. Jasho likanitoka.

Yanonge walikuwa wameishiwa dawa kabisa na watoto wana homa. Mkurugenzi akaona yasiwe mengi: Trésor abonyeze "kubali" kwenye simu yake, boti iondoke. Wengi tuliona ni sawa tu.

Trésor akaitazama simu, akaiweka mezani.

"Mi niko mutu ya motere, Chef. Dawa sijue."

Wakuu, nilimheshimu papo hapo.

Muda wote huo injinia wetu, Dorcas, alikuwa anasoma log ya import, ile kumbukumbu ya kila hatua yake. Huyu dada ukimharakisha ndiyo kwanza anavuta kiti akae vizuri. Akaona profaili moja inaandikwa mara mbili kila import inapopita. Akawauliza Papa Augustin na Trésor majina yao kamili.

Ukiacha Augustin na Trésor, yalikuwa yaleyale.

Huku kwetu mtoto akipewa jina la tonton wake, yaani mjomba, hupewa lote, nom na postnom, majina yote mawili ya asili, na tangu hapo wanaitana ndoyi, yaani wajina. Trésor ni mtoto wa dada yake Papa Augustin. Kinachowatofautisha ni jina la ubatizo, ambalo import yetu haikulisoma. Seva ikawafanya mtu mmoja.

Mkurugenzi akataka jina la Trésor libadilishwe kwenye seva, yaishe. Papa Augustin, mtu mpole sana, akakunja uso.

"Ile jina ni mimi nilimupatia. Iko yake."

Dorcas akamtuliza. "Jina haina kosa, Papa. Ni sisi tuliambia seva ijue batu kwa jina."

Akabadilisha kanuni, seva imtambue kila mtu kwa matricule, namba yake ya kazi. Akajaribu kwa hao wawili kwanza, kisha kwa wote. Nahodha anapiga honi, mkurugenzi anazunguka meza, yeye anasoma log mstari kwa mstari. Ningekuwa mimi ningeshabonyeza kila kitu.

Ombi likatua kwa Papa Augustin. Akavaa miwani, akasoma, akarudia kusoma.

Dawa za watoto zilikuwa zimeombwa kwa kipimo cha watu wazima.

Akasahihisha, akaidhinisha. Makatoni yakafunguliwa na kupakiwa upya. Mkurugenzi mwenyewe akavua koti, akabeba, wala hakuuliza tena saa ngapi.

Funzo langu: import kumaliza bila error si ushahidi kwamba watu wako wako salama. Na haraka haraka haina baraka, hasa pale mtu mwingine ndiye atakayemeza.

Kwenu import inawatambua watu kwa kitu gani? Na nyie mngebonyeza ile "kubali"? Semeni ukweli, mimi ningebonyeza.