Miguu ya Njano

"Nionyesheni mguu tu, ndege mwenyewe kaeni naye. Nitawaambia ni nani na katoka wapi."

Mama Violet aliyasema hayo Chekereni, kwenye mkutano wa zamu za maji, mbele ya wakulima sitini waliokuja kugombania mfereji. Walicheka hadi mwenyekiti akasahau ajenda. Yeye hakuwa anatania. Alikuwa akiamia mpunga tangu utotoni, akifukuza ndege shambani kwa matope, na mwamiaji asiyejua nani mwizi na nani mgeni atarusha matope mpaka bega ling'oke. Kwelea kwelea anakula mpunga, huyo mrushie. Chamchanga anakuja kila Septemba kutoka Ulaya, hana haja na mpunga wako, anatafuta minyoo. Mguu mrefu wa njano, madoa meupe mgongoni, mkia unatikisika kama mtu anayeficha jambo. Chuo nilichokisoma nusu kabla sijarudi kulima hapa hakikunifundisha hilo. Yeye alitumia dakika moja.

Mwaka jana chamchanga walifika Jumatatu. Alhamisi asubuhi majaruba ya mpunga yalikuwa kimya, naye akazunguka matutani kuwatafuta. Jirani wa juu, Denis, alikuwa amemwaga dawa ya wadudu jana yake, na maji yakafuata zamu, jaruba hadi jaruba. Minyoo ilikuwa inaelea. Ndege hakuna, hata mzoga.

Aliwapata nyuma ya kibanda cha pampu. Yaani aliipata miguu: rundo zima, mirefu, ya njano, imekatwa kwa kisu, na midomo pembeni.

Kwelea kwelea hana mguu wa hivyo. Ila ukishamnyonyoa chamchanga na kumkata miguu na mdomo, ndege wa kuchoma ni ndege wa kuchoma. Na Alhamisi ni gulio, na mumewe, Mzee Filemon, hajawahi kwenda gulioni akaacha kula kwelea.

Alikimbia gulioni na matope yake magotini. Filemon alikuwa kwenye benchi la Thadeus mchomaji, mbele yake karatasi yenye mafuta na vifupa.

"Umekula wangapi, Baba Violet?"

"Sita. Kaa, mama. Wa leo wanono."

Jasho lilimtiririka Filemon, mate yakamjaa mdomoni hadi akafuta kwa shati. Akasingizia pilipili. Thadeus huwa haweki pilipili.

Nyuma yao palikuwa na foleni ya watu wanane. Mama Violet akawaambia alichokiona kibandani, akawaomba waondoke. Mmoja akacheka, akasema mama wa miguu kaanza tena. Foleni ikasogea.

Ndege mmoja alikuwa shilingi mia tano.