Playback ama live? Minye nililipa jina ya yaya yangu ndipo nikajua

Wakuu, salamu zenu popote mulipo. Minye niko Uvira, hapa kati ya mlima na ziwa, na kama kwenye hii forum kuna muntu ambaye hakuna kitu cha kumushangaza, ni minye.

Nimeona maji ya mto ikibeba ukuta mbili za duka yangu na mifuko ya saruji ndani. Nimeibiwa, nimeanguka, nimesimama. Masomo niliacha mwaka wa nne wa primaire. Leo nyumba nyingi za Kimanga na Kalundu zimefunikwa na bati yangu. Watu wananiita Papa Bati. Hilo jina sikujipa, ni soko ilinipa.

Nikajua dunia nimeimaliza. Kumbe ilibaki festivali ya musiki.

Haya nitakayoandika yalinipata minye mwenyewe. Nikiongeza hata msumari moja, munilishe huo msumari.

Naona munabishana hapa kurasa tisa sasa. Mmoja anasema yule staa wa Kinshasa aliimba live. Mwingine anasema ilikuwa playback, yaani alifungua tu mdomo juu ya wimbo uliorekodiwa zamani. Mwingine amekuja na hesabu yake ya watu elfu hamsini.

Tuanze na hiyo ya watu. Bati za kuzungushia kile kiwanja zilitoka kwangu. Bati mia sita. Elfu hamsini uliwapanga wapi, ndugu yangu, mu ziwa?

Watu walikuwa wengi, sikatai. Wa Bijombo walishuka mlima na fimbo zao, wa Lubarika walijaa mu malori, wa hapa mjini walikuja na viti kichwani. Lakini elfu hamsini, hapana. Bati hazidanganye.

Sasa hiyo ya live. Hapo munifuate polepole, juu iko na historia.

Minye niko na yaya, dada yangu mkubwa. Anaitwa Venansia, anakaa Nyakabere, kule kwenye uwanda wa Ruzizi. Wazazi walikufa nikiwa mdogo, ni yeye alinilea. Alikuwa ananunua samaki hapa ziwani, anawabeba kwenye besani juu ya kichwa mpaka masoko ya uwandani. Kilo yangu ya kwanza ya misumari, ile iliyonifungulia biashara, ilitoka ndani ya ile besani.

Siku ya ndoa yangu nilikuwa nimeanza kuonekana. Nilioa hapa mjini, kwa watu wenye kuvaa viatu hata ndani ya nyumba.

Kwetu, kwenye karamu ya ndoa, mwenye micro, kipaza sauti, anasoma liste ya ukoo. Anayetajwa anasimama, watu wanapiga vigelegele, wakwe wanamujua. Ile liste niliiandika minye, na huu mkono. Jina ya yaya sikuiweka.

Nitasema sababu, juu nimeahidi ukweli. Niliogopa akisimama, wakwe watasikia harufu ya samaki.

Yaya alikuwa amekaa, kikwembe mpya cha kitenge, mikono juu ya mapaja, anangoja. Liste ikaisha. Akachukua zawadi yake, akaifunga tena ndani ya kikwembe, akatoka bila kuaga muntu.

Miaka kumi na tisa sasa. Kwenye kilio tunasalimiana. Kwa nyumba yangu hajawahi kukanyaga. Nilimutumia bati ishirini za paa yake, akazipeleka kwa kanisa ya kule. Padri akaniandikia barua ya kunishukuru.

Mutaelewa vile nilijisikia niliposoma ile barua. Yaani, mke wangu ndiye alinisomea, juu ilikuwa ya Kifaransa.

Basi festivali ikatangazwa. Na muntu yeyote wa Kongo anajua mabanga. Unalipa mwanamuziki, naye katikati ya wimbo anataja jina yako, nchi nzima inaisikia. Wakubwa wote wanafanya hivyo. Nikajisemea: kama kosa ilikuwa jina kukosa kutajwa, si inunuliwe? Minye kazi yangu ni hiyo, bati ikitoboka unaleta ingine.

Nikaenda hoteli kumuona manager wa staa, jamaa mmoja wa miwani nyeusi, hata ndani ya nyumba hatoi.

"Mara moja ni dola mia mbili," akasema. "Mara tatu nakufanyia mia nne, juu naona weye ni muntu mukubwa."

Hapo kwa "muntu mukubwa" ndipo aliponimaliza, wakuu. Nikachukua mara tatu. Hata saruji ukibeba mingi bei inashuka. Nikaandika kwenye karatasi, herufi kubwa: VENANSIA WA NYAKABERE.

Mke wangu akampigia yaya simu. Wao wawili wanasikilizana. Yaya akajibu: "Festivali nitakuja kuiona. Nitalala kwa binamu, kule Kavimvira. Kwa nyumba ya huyo siingii."

Siku ikafika. Kwa ajili ya usalama kila kitu kilifanyika mchana, jua lote, vumbi, na upepo wa ziwa unapiga kwenye bati zangu. Nilinunua viti vya mbele. Yaya alikaa katikati yangu na mke wangu. Nikamuinamia.

"Yaya, leo utasikia jina yako."

Alivuta tu kitambaa chake, akakisukuma nyuma ya sikio.

Wakuu, ile sikio ilivyobaki wazi ndiyo ilinitia woga. Nilijua jambo hili likianguka leo, sitapata ingine. Yaya iko na miaka sitini na nne.

Staa akaingia. Hapo sitadanganya, kiwanja kilitikisika. Nguo inang'aa, wacheza ngoma kumi na wawili, moshi. Nyuma yangu kulikuwa fundi mmoja wa pikipiki, mbele yangu dada mmoja muuza vikwembe, na ubishi wenu huu walishaufanya kabla yenu.

"Huyu haimbe," fundi akasema. "Huyu anatafuna."

Dada akageuka: "Weye unajua nini ya musiki? Unajua mafuta ya moteri tu."

"Ndiyo, najua moteri. Moteri ikizimwa na inaendelea kulia, hiyo si moteri tena, ni redio."

"Ungekuwa unaimba vizuri hata weye ungevaa vile!"

"Mama, hata bubu ukimuvalisha vile utapiga kelele."

Watu wanacheka, minye sicheki. Minye nahesabu mabanga. Wimbo wa kwanza: alitajwa bosi mmoja wa Lubumbashi, na mwingine wa Bruxelles. Wimbo wa pili: mama fulani mwenye hoteli. Wa tatu: tena bosi wa Bruxelles. Nikasimama ili manager anione. Nikapunga mkono.

Fundi akanigusa bega. "Papa Bati, unafunika wenzako. Unangoja nini?"

"Nangoja jina. Nililipa."

Alinitazama kama vile munatazama muntu aliyenunua saruji iliyokwisha kuganda. "Papa, zile jina zilitajwa mu studio, kitambo. Ya kwako itaingilia wapi?"

Na wakati huo huo, kweli ya Mungu, nilimuona staa anakunywa maji. Chupa iko mdomoni. Na sauti yake inaendelea kuita bosi wa Bruxelles.

Basi nilishangaa. Naandika hapa bila haya: nilishangaa. Minye ambaye napima misumari kwa kilo mara mbili, nililipa muntu aongeze jina ndani ya kitu kilichokwisha kufungwa.

Nikakimbia nyuma ya podium, lile jukwaa.

"Jina yangu iko wapi?"

"Papa, karatasi nilimupa," manager akasema. "Lakini micro yake iko zima."

"Zima namna gani?"

"Zima. Tangu amepanda haijawashwa. Usikasirike, jina tutaiweka mu wimbo mpya."

"Unatoka lini?"

"Utatoka tu, Papa."

"Na dola zangu?"

"Zimeshaingia kwa budget."

Niliporudi kwa kiti, staa alikuwa ameshuka. Yaya alikuwa amerudisha kitambaa juu ya sikio. Alikuwa anatafuta kapo yake, kile kikapu chake, chini ya kiti.

Mke wangu akaniambia chini chini: "Fanya kitu. Akitoka leo, ametoka."

Watu wa mbele wakaanza kuondoka, hasa wale wa picha na simu. Ndipo wakapanda wale wa mwisho kwenye programu, orkestra ya wavuvi wa Kalundu. Muliowacheka hapa kurasa ya nne, ndio hao. Shati kila mmoja na rangi yake. Gitaa moja iko na uzi uliotoka kwa waya ya frein, yaani breki, ya baiskeli. Mwimbaji wao, Shabani, sauti imekwaruzwa na baridi ya ziwa. Wimbo wa kwanza waliukosea, wakasimama, wakaanza upya.

Lakini waliposimama, nilielewa. Muntu anayeweza kukosea, iko pale kweli. Micro yake inafunguka.

Nikapanda ngazi ya podium na tumbo yangu hii. Nikatoa franka zilizobaki mfukoni, nikamusemea Shabani sikioni: "Taja Venansia wa Nyakabere."

Akaendelea kupiga, polepole. Pesa hakuitazama. "Huyu ni nani kwako, Papa?"

"Taja tu jina."

"Sisi hatuimbe jina tusiyoijua. Nikiimba muntu, lazima nijue alibeba nini." Akasogeza micro mbele yangu. "Sema mwenyewe. Minye nitakufuata na gitaa."

Wakuu, minye naongea sana, munajua. Nimeshapiga kelele mbele ya wanajeshi wa barrière, wenye kufunga barabara. Pale maneno iliisha. Ile micro ilipeleka hata pumzi yangu mpaka mwisho wa kiwanja.

Nikasema: "Venansia ni yaya yangu. Alinilea na besani ya samaki wa ndagala. Siku ya ndoa yangu nilitoa jina yake kwa liste, juu nilikuwa na haya na ile harufu. Ile harufu ndiyo ilinilisha."

Halafu yule fundi akapiga kelele: "Papa Bati, aibu yako!" Na watu wakaanza: aibu yako, aibu yako. Nikabaki nimesimama pale, sikushuka. Ilikuwa haki yao.

Shabani ndiye aliniokoa. Alichukua ile kelele, akaitia ndani ya gitaa, akaigeuza. Yeye anaimba nani alibeba besani, watu wanajibu: Venansia. Nani alilea: Venansia. Wale waliokuwa wameshafika mlangoni wakarudi. Yule dada wa vikwembe alikuwa anaimba kuwashinda wote. Wazee wa Bijombo wakainua fimbo.

Hawakuwa elfu hamsini. Lakini wote walikuwa wanasema jina moja, na lilikuwa halijarekodiwa popote.

Yaya akasimama. Alitembea polepole, hajaficha uso, hajalia. Akapanda podium, akatoa noti ya franka mia tano kutoka kwenye ncha ya kikwembe, akaibandika kwenye paji la Shabani lenye jasho, vile mwanamuziki anavyotuzwa. Halafu akanigeukia, na micro bado iko wazi.

"Umesema vibaya. Haikuwa ndagala. Ilikuwa mikeke. Ndagala nilianza weye umeshaota ndevu."

Kiwanja kizima kikavunjika kwa kicheko. Hata minye.

Sasa, kwa ubishi wenu. Siwafundishe musiki, sijui nota hata moja. Yule staa anajua kazi yake na nguo zake nzuri, watu walifurahi, sina vita naye. Lakini muntu akiniuliza live ni nini, nitamujibu hivi: live ni pale unaweza kumusimamisha mwimbaji, akakuuliza swali, na weye ukashindwa kujibu. Na deni ya mdomo, wakuu, usitume mdomo wa kukodi ukulipie.

Kama kuna aliyekuwa kule nyuma karibu na mlango, aandike ilisikika namna gani, juu minye pale mbele masikio ilikuwa inalia. Na kama weye pia kuna jina uliruka kwenye liste yako, andika hapa chini. Hatutakucheka sana.

Tulipotoka, gari yangu ilikuwa imefungiwa na malori ya wa Lubarika, hata mlango haufunguke. Yaya hakungoja. Alisimamisha moto, pikipiki ya kubeba watu.

"Mama, tunaenda wapi?" mwenye moto akauliza.

Yaya akapanda, akanionyesha kwa kidevu. "Kwa huyu. Minye njia siijui, yeye ndiye atakuelekeza."

Nikapanda nyuma yake, na kapo yake juu ya magoti. Mke wangu akabaki kulinda gari, anacheka na kulia.

Zile dola mia nne sizihesabu tena, wacha bosi wa Bruxelles azifurahie. Bei ambayo nakumbuka ni ile nililipa mwenye moto kwenye mlango wangu, yaya akiwa ameshavua viatu na kuingia: franka elfu tatu.