Daktari Aliyetaka Kumwogesha Muzee Mugisho

Daktari Modeste Zagabe alisoma miaka mingi ili aitwe daktari, na nywele zilipoanza kumhama akagundua kwamba dunia inamhitaji kwa jambo la maana zaidi: kuogesha wazee huko Québec. Daktari wa Bukavu akifika huko anapewa kiti asubiri mpaka azeeke. Muuguzi wanamngoja wao, kwenye uwanja wa ndege, na koti la baridi mkononi. Basi Modeste akajiandikisha katika shule ya uuguzi, masomo ya jioni. Asubuhi aliwaamuru wauguzi. Jioni wadogo zao walimfundisha kutandika kitanda.

Hakuwa peke yake. Upande wa wanaume wa hospitali yao, pale Kadutu, walikuwa wamebaki madaktari wawili, yeye na Bruno, na jioni wote wawili walikaa dawati moja darasani. Mkurugenzi alifurahi: hospitali itapata wauguzi wenye elimu ya juu mno. Hakuna aliyemkumbusha itapoteza nani.

Ukabaki mtihani mmoja: kuogesha mgonjwa kitandani, mbele ya mwalimu, toka mwanzo hadi mwisho. Asiyemaliza hapati diploma, na bila diploma hakuna Québec. Lakini kwetu mgonjwa haogeshwi na hospitali. Ana mke, ana binti, ana wifi. Hao ndio wanaokuja na beseni, sabuni, sahani ya sombe na malalamiko. Muuguzi anachoma sindano, daktari anapita, jamaa wanaosha. Ukiona mtu anaogeshwa na wageni, ujue amekwisha kufa, na wageni hao ni watu wa morgue, waosha maiti. Walimu walilijua hilo. Ila mtihani ulitoka ng'ambo, na vitu vya ng'ambo havibishiwi.

Modeste akapangiwa muzee Mugisho wa Cimpunda, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemtibu mapafu. Akaingia katika sare ya buluu ya wanafunzi, beseni mikononi, mvuke ukimpanda usoni. Nyuma yake akaja mwalimu wake, maman Laurette, kimya kama askofu. Mke wa muzee, maman Domitille, alikuwa ameketi kando ya kitanda akimenya viazi. Akamwona daktari analoweka kitambaa.

"Docteur, unafanya nini?"

"Namuogesha muzee, maman."

"Weye? Docteur muzima?"

"Njo kazi yangu ya leo."

Kisu kikaanguka. "Yayewe! Mugisho iko anakufa, na bamenificha!"

Muzee, ambaye mpaka hapo alikuwa na nafuu, akafumbua macho, akaona daktari anamfuta kifua kwa upole ambao hakuna mwenye cheo aliyewahi kumwonyesha maishani, naye akaamini. Akaanza kugawa urithi. "Mbuzi zangu za kule Katana, mupatie mutoto wa kwanza. Ule wa pili asiguse." Vitanda vya jirani vikaanza rozari.

Modeste akamgeukia mwalimu. Maneno mawili yangetosha kunyamazisha kilio. Lakini mwanafunzi wa uuguzi hana ruhusa ya kueleza ugonjwa wa mtu.

"Étudiant Zagabe," Laurette akasema, "famille ikilia, muuguzi anafanya nini?"

"Anaita docteur."

"Ita basi."

Modeste akatazama mlangoni. Daktari wa pili, Bruno, alikuwa amesimama pale, naye katika sare ya buluu, beseni mkononi, akingoja zamu yake. Bruno akaangalia dari.

Basi Modeste akaweka kitambaa chini. "Maman Domitille, sikia. Mie njo docteur wake. Muzee haiko anakufa. Kesho munarudi naye nyumbani."

Kilio kikakatika. Domitille akajipangusa macho.

"Haiko anakufa?"

"Hapana."

"Basi leta hiyo kitambaa! Unamushika-shika bwana yangu sababu ya nini? Mie nimekatika mikono?"

Akamnyang'anya, akamwogesha mumewe mwenyewe, kwa nguvu, huku akimuuliza kwa nini mke hapati mbuzi hata mmoja. Muzee alionekana kusikitika kidogo kwamba amepona.

Laurette akaandika: hakumaliza.

"Maman, ningemuacha alie?"

"Niliona mutu anamuogesha muzee. Haikuwa weye."

Zamu ya Bruno ikafika, kitanda cha pili. Mke alipopiga yowe, Bruno aliosha. Shangazi alipojitupa sakafuni, Bruno alisugua mgongo. Walipomuuliza kama ndugu yao anakufa, alijibu kwa adabu kwamba ataita daktari, akabadilisha maji. Akapata alama nyingi kuliko wote. Mgonjwa wake alikuwa amevunjika kidole cha mguu.

Sasa Bruno yuko Québec. Anapiga simu siku za Jumapili, anasema kazi ya kule ni nyepesi.

"Famille banalia?" Modeste alimuuliza safari moja.

"Nani alie?" Bruno akasema. "Hakuna mutu anakuya kubaona bale bazee."

Modeste amejiandikisha tena kwa mtihani, na ameapa kwamba safari hii atafunga mdomo. Shida imebaki moja tu. Upande wa wanaume hakuna daktari mwingine. Familia ikilia, na mwalimu akisema ita docteur, itabidi ajiite mwenyewe.