Miguu Chini ya Dashibodi

Kwetu mama hatazamani na mume wa binti yake. Mkikutana njiani, mkwe anachepuka, na mama naye anajifanya anaangalia ng'ombe wa watu, hata kama ng'ombe hakuna. Hamshikani mkono, hamli pamoja. Mimi wa kwangu sura yake nilikuwaga siijui kabisa. Siku ya kuja kuchumbia nilikaa jikoni na kitenge kichwani, nikaona kivuli tu kinapita mlangoni.

Ila sauti yake naijua, sababu ya simu. Simu haina macho. Binti yangu anakaa Nyasura, kule Bunda, na mimi niko Kitaji hapa Musoma. Kila Jumapili jioni ananipigiaga, tukimaliza yetu anampa mume wake anisalimie. Na yule mtu anaongeaga kama redio ya betri zimeisha. "Mama... shikamoo. Kwa hiyo... za Kitaji. Kwa hiyo... sisi... wazima."

Sasa mimi Mungu alininyima shule akanipa mdomo wa kuiga. Nikikuigiza mchungaji wetu akitangaza sadaka, unafungua pochi. Na huyo mkwe nilikuwa nimempata vizuri mpaka majirani wanakuja kuniomba, "Mama, tufanyie kidogo yule wa Bunda." Nafanya. Wanashika ukuta.

Gari ya mwanangu mkubwa ilikufa taa za dashibodi. Giza likianza tu, mishale yote inapotea, ya mwendo na ya mafuta. Tukitoka Butiama kwa dada yangu jioni, mimi ndiye wa kumulika na simu ya tochi. "Mama, mulika mafuta." Namulika. "Mama, hapo unanimulika mimi." Tumeishi hivyo muda mrefu. Baadaye akasema kule Bunda kuna fundi anatoa zile taa za zamani, anaweka vitaa vidogo wanaita LED, anavichomelea na risasi ya kuyeyusha, haviungui ovyo. Nikasema twende, nitampelekea na binti yangu furu wakavu, vile visamaki vya ziwani.

Tulipofika Nyasura, mwanangu akaniweka kwa mama mmoja anauza mihogo ya kukaanga. "Mama, ukae hapa hapa. Gereji usije." Sababu hakusema. Alidhani najua. Mimi nilijua mkwe wangu ni fundi umeme, basi kichwani namwona juu ya paa za watu anavuta waya. Nikadhani mwanangu anaogopa mdomo wangu.

Nikala muhogo, nikanywa maji, nikachoka. Nikaenda.

Gari ilikuwa kwenye kivuli cha bati, mlango wa dereva wazi. Zile saa za dashibodi, zenye mishale, zimerudishwa sehemu yake, na chini ya usukani kuna mtu amelala chali, anaunga waya. Kichwa na mikono viko ndani kabisa, nje imebaki miguu mitupu, ndala ziko chini. Moshi mwembamba wa risasi unatoka. Madereva wengine wamekaa kwenye tairi wanasubiri zamu. Mwanangu hayupo, kaenda kutafuta fyuzi.

Nikasalimia miguu. "Hujambo fundi."

Miguu ikajivuta ndani kidogo.

"Hii miguu haijafundishwa kusalimia," nikasema. Madereva wakacheka. Basi nimeshapewa kiti, nani atanitoa. Nikamfanya trafiki anayesimamisha gari halafu anajikuna tumbo. Nikamfanya mwanangu, "Mama, mulika mafuta." Wanacheka, na miguu imekauka tu, vidole vimekunjwa.

"Fundi hacheki," nikasema. "Ngoja nikufanyie mkwe wangu, huyo hata mgonjwa anacheka." Nikamfanya. Ile "kwa hiyo" yake yote, na ile pumzi anayovuta katikati. Dereva mmoja alikuwa anacheka, nikaona ameacha ghafla, anaangalia chini. Hapo ningeshtuka. Lakini mimi nikiona mtu ameacha kucheka naongeza chumvi. Nikasema, "Na hamjui, binti yangu aliniambia huyo mtu kabla ya kunipigia anajifunza kwanza. Anasimama mbele ya kioo, shikamoo mama, shikamoo mama, kama mtoto wa ngonjera."

Binti yangu aliniambia hilo kwa siri, na aliniambia kwa upendo. Alikuwa anasema, ona mama, huyu mtu anavyokuheshimu.

Hakuna aliyecheka. Nikaona hii kazi inakufa, nikachukua mwavuli wangu nikamchokoa fundi kwenye unyayo.

Mguu uliruka. Ndani kikasikika kitu kimeanguka, na harufu ya nywele kuungua. Tone la risasi lilikuwa limemwangukia shingoni. Hakupiga kelele. Akasema tu, kutoka kule chini:

"Samahani... mama."

Ile pumzi ya katikati ilikuwepo.

Nilifunika uso kwa kitenge nikageukia ukuta wa bati. Yeye alikuwa amenijua toka neno la kwanza. Kutoka angetoka vipi, nipo mlangoni. Kuongea angeongea vipi, sauti naijua. Ndiyo maana alibaki amejikunja kwenye lile joto, ananilindia heshima yangu, na mimi huku naivua mwenyewe mbele ya wateja wake.

Mwanangu aliporudi na fyuzi alikuta mama yake anaongea na bati na shemeji yake yuko chini ya usukani. Alinishika bega akanirudisha kwenye mihogo. Furu za watu nikaziacha kwa yule mama azipeleke.

Jioni tukaenda Butiama. Giza lilipoingia dashibodi ikawaka, kijani safi, namba zinaonekana mpaka kiti cha nyuma. Nikaangalia dirishani. Mwanangu akasema taratibu, "Ya mafuta imebaki." Kweli, pale kwenye mafuta palikuwa na kidonda cheusi. Ndiyo waya aliyokuwa anaiunga nilipomchokoa.

Dada yangu nilimweleza yote. Yeye ndiye mkubwa wetu, mambo ya wakwe anayajua. Akasema kwa kumgusa mkwe unatoa kitenge na jogoo, watu wazima wanapeleka, yanaisha. Halafu akaniangalia. "Hiyo ni ya mwavuli. Ya mdomo utapeleka nini?"

Kitenge kikaenda, jogoo akaenda. Jumapili binti yangu akapiga, sauti fupi. Za huko, nzuri, haya mama. Simu hakumpa mtu. Jumapili nyingine hivyo hivyo. Nikawa nakaa na simu kwenye mapaja kama mtu anayebembeleza mtoto mgonjwa. Majirani wakaomba tena yule wa Bunda, nikawaambia koo linauma.

Mwisho nikapiga mimi. Nikamwambia binti yangu, mpe mume wako. Nikasikia simu inahama mkono.

Nilikuwa nimepanga maneno. Hata mimi nilijifunza, ila kioo sina, nilijifunza kwenye sufuria. Yote yakakimbia. Nikasema, "Baba, ni mimi. Nimekuvua nguo mbele ya watu, na binti yangu nimemvua. Sina pa kuweka uso."

Kimya kirefu. Zamani ningehesabu hicho kimya ni betri. Sasa nikangoja.

"Mama... shikamoo," akasema. "Kwa hiyo... taa... zinawaka?"

"Marahaba, baba. Zinawaka. Ya mafuta bado."

"Kwa hiyo... mlete gari. Jumamosi. Mimi... nitakuwa chini ya dashibodi."

Kama alikuwa anacheka sijui, mtu yule huwezi kujua. Mwanangu alikuwa mlangoni, akauliza, "Amesemaje?" Mdomo wangu ukaanza kujivuta wenyewe, ile "kwa hiyo" imeshafika kwenye meno. Nikaimeza.

"Amesema Jumamosi," nikamjibu. "Na mimi utaniacha kwenye mihogo."