Manyoya ya Shingo ya Jogoo wa Baba

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu na sitaki huruma ya mtu kwa hilo. Nyumba ninayokaa niliijenga kwa vidole hivi. Sisemi mikono, nasema vidole, kwa sababu kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kufunga nzi. Watu wakisikia hivyo hucheka. Wacha nieleze, kisha acheke anayetaka.

Miaka michache baada ya Uhuru, Mzungu mmoja mstaafu alikodi vyumba viwili nyuma ya duka la Mhindi pale Homa Bay. Humo tulikaa watu kumi na mmoja tukitengeneza nzi wa kuvulia samaki. Si mdudu wa kweli. Unachukua ndoana ndogo, nyingine haizidi punje ya mahindi, unaizungushia uzi na manyoya mpaka samaki aione kama mdudu aliyeanguka majini. Zilipangwa kwenye visanduku na kupelekwa Ulaya, kwa watu wanaovua samaki wa maji baridi, na tuliambiwa wengine wakishamkamata wanamrudisha majini. Hilo hakuna mtu wa ziwani aliyeliamini.

Kulia kwangu alikaa Mkuria mmoja mwenye mdomo. Alisema serikali inapeleka watu Lambwe wakaue mbung'o, na sisi tumefungiwa chumbani tunawaongeza nzi. Siku moja, alisema, wataleta bomba watupulizie dawa sote pamoja na Mzungu.

Mzungu alikuwa na mguu mbaya na hakuingia sana. Aliyetutawala ni mama mmoja mjane wa upande wa Sindo, aliyejifunza kazi hiyo kwa Wazungu wa Kericho. Kanuni yake ilikuwa moja. Mwanafunzi anakaa benchi ya chini miezi mitatu. Miezi ikiisha, anafunga nzi kumi na mbili za aina moja, anazipanga juu ya karatasi nyeupe. Zikifanana, anapanda benchi ya juu na kazi ni yake. Zisipofanana, arudi kwao. Nilikwisha kuwaona wawili wakirudi kwao, na mmoja alikuwa ananishinda kwa kasi.

Kurudi kwetu mimi sikutaka hata kufikiria. Nilipoondoka nyumbani, kule Migori, baba alisema mbele ya watu kwamba mahindi hayatatoa ndevu kabla sijarudi kushika jembe. Nilimjibu vibaya. Kwa hiyo kila asubuhi nilipokaa kwenye benchi ile wengine walinikuta nimeshaanza.

Kazi yenyewe inaanza na jiliwa, kijikoleo kilichokazwa kwenye ukingo wa meza, ambacho kinaibana ndoana ili mikono yako miwili iwe huru. Halafu uzi uliopakwa nta. Huanzi na fundo. Uzi unajikanyaga wenyewe mara tatu nne, kisha unashuka mzunguko baada ya mzunguko, kila mmoja ukigusa mwenzake bila kumpanda. Wiki nzima ya kwanza nilifunga uzi mtupu na kuufungua. Ulikuwa unanikatikia. Vidole vyangu vilizoea mpini na kamba ya mkonge.

"Huyo si ndama, baba," yule mama mjane aliniambia. "Usimvute."

Baada ya uzi, mkia. Baada ya mkia, mwili wa sufu, na waya mwembamba kuuzungukia. Halafu unyoya wa shingo ya jogoo, unaoushika ncha kwa koleo na kuuzungusha mpaka nywele zake zisimame pande zote kama miguu ya mdudu. Mwisho kichwa, uzi unajizungukia mara tano na kuvutwa ndani ya mizunguko yake, na tone moja la vanishi. Kosa la kila mwanafunzi ni uroho. Anajaza ndoana yote, akifika mbele hana nafasi ya kichwa.

Hayo nilijifunza kwa mwezi mmoja na nusu. Kilichonitoa jasho ni mbawa. Unakata kipande cha unyoya wa bawa la kushoto la bata, na kingine wa bawa la kulia, saizi moja. Ukichukua vyote upande mmoja, nzi inazunguka hewani kama pia ya watoto. Unaviweka mgongo kwa mgongo, unavibana kwa kidole gumba na cha shahada, unapitisha uzi ukiwa umelegea, halafu unavuta chini wima. Ukivuta kando hata kidogo, mbawa zinalala kama majani yaliyokanyagwa. Mimi zangu zililala. Nikawa nala ugali huku nabana tonge kwa vidole viwili, mpaka Mkuria akauliza kama kwetu tunaogopa chakula.

Zikaanza kusimama wiki mbili kabla ya mtihani. Ndipo mama akatutangazia kwamba mzigo wa manyoya kutoka ng'ambo haujafika. Anayetahiniwa Jumatatu ya mtihani, na nilikuwa mimi peke yangu, alete manyoya yake mwenyewe ya shingo ya jogoo mwekundu. Jogoo mzee. Manyoya ya jogoo kijana ni laini, yanakunywa maji na nzi inazama. Ya mzee ni makavu, yanasimama juu ya maji.

Mtu wa nje haoni shida hapo. Kwetu jogoo hazeeki. Jogoo akianza kuwika vizuri anakuja mgeni, na jogoo ni mboga. Anayeachwa azeeke ni mmoja tu, yule jogoo wa dala, yaani wa boma lenyewe. Baba alipohama kwa babu kwenda kuanzisha boma lake, aliingia na jogoo mkononi, na hakuna siku boma hilo limekaa bila jogoo wa namna hiyo. Akiwika anawaambia majirani kwamba humu mna mwenyewe. Huyo hachinjiwi mgeni, hata aje askofu.

Nilijaribu sokoni Homa Bay kwanza. Niliinua majogoo nikipuliza shingo zao kuona manyoya yanavyosimama. Mwanamke mmoja aliniuliza kama natafuta wa kula au wa dawa. Nilipomwambia wa manyoya alimbeba jogoo wake akahama naye. Wote walikuwa vijana.

Ijumaa ya kabla ya mtihani nikapanda basi la kupitia Rongo, nikaenda nyumbani. Nilijidanganya kwamba nitamwomba baba. Jioni ile alinitazama akaniuliza kama nimerudi au nimekuja. Nikasema nimekuja. Jogoo sikumtaja.

Jumamosi alikwenda matangani ng'ambo ya mto. Nikamkamata jogoo wake. Nilijiambia kwamba sitamuua, na manyoya huota tena. Nilimbana kwapani nikamnyonyoa shingo, unyoya mmoja mmoja, kutoka nyuma kwenda mbele. Alipiga kelele mara mbili, kisha akanyamaza akawa ananitazama kwa jicho moja. Nilikusanya kila unyoya, hata ulioanguka, nikafunga katika gazeti nikatia kwenye koti. Nilipomwachia aliingia chini ya ghala, na hakutoka.

Jumapili alfajiri majogoo wa majirani waliwika, wa kushoto, wa kulia, wa ng'ambo. Wetu kimya. Nilimsikia baba akifungua mlango, akasimama uani. Waliwika tena wa watu. Kwetu kimya.

Kulipopambazuka walimtoa chini ya ghala na shingo yake nyekundu kama kidonda. Hapo ndipo nilipojua ujinga wangu. Kama angeliwa na kicheche pangekuwa na damu. Kama angepigana pangekuwa na manyoya uani. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimeokota kila unyoya, na usafi ule ndio uliowatisha. Mnyama hafanyi kazi safi namna hiyo.

Baba hakupiga kelele. Aliita wazee wawili wa jirani, halafu akatuma aitwe mama mkubwa, mke wa kaka yake marehemu. Watoto wake wote walikufa wadogo, na watu walikuwa na maneno yao ya uchawi juu yake, ya pembeni. Baba hakuwahi kuyasema. Siku ile aliyaacha wazee wayaseme.

Walimuuliza Jumamosi alikuwa wapi. Alisema alikuwa anapalilia karanga. Nani alimwona? Karanga, alisema. Hawakucheka.

Basi la kurudi Homa Bay lilikuwa linaondoka saa saba. Manyoya yalikuwa kwenye koti langu, nikiyasikia kila nikipumua. Nikisema, baba atayatupa motoni, Jumatatu nitasimama mbele ya karatasi nyeupe mikono mitupu, na jembe linaningoja. Nikinyamaza, nina basi. Nilikunywa kikombe cha kwanza cha chai. Nikanywa cha pili. Sijivunii vikombe vile, lakini nilivinywa, na anayeandika habari zake aandike na hivyo.

Wazee wakasema mama mkubwa aende kwanza kwa kaka zake, akae huko mpaka jambo lijulikane. Hakubisha. Alisimama akajifunga leso yake vizuri kiunoni, kama mtu anayejua njia ni ndefu.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?" baba akauliza.

"Nimemnyonyoa mimi. Manyoya ni haya."

Nilifungua gazeti. Mzee mmoja akavuta kigoda chake nyuma. Baba akauliza ni kazi gani hiyo inayotaka shingo ya jogoo wake, na kila nilivyoeleza nilijichimbia zaidi. Shingo, uzi, nta, ndoana, bawa la kushoto na bawa la kulia. Nilijisikia mwenyewe, nikaona kwamba mtu huyu asingekuwa mimi ningemfunga kamba.

Nikasema nitawaonyesha. Sisi wanafunzi tulitembea na ndoana mbili tatu na uzi mfukoni, za kujizoeza, na sufu na vipande vya bawa nilikuwa navyo. Jiliwa sikuwa nalo. Nikaleta koleo la baiskeli, nikaomba mtu mmoja aibane ndoana, asitikisike. Wazee wote wawili waliingiza mikono kwapani. Baba alitazama pembeni.

"Lete," mama mkubwa akasema.

Alikaa chini akalishika koleo kwa mikono miwili. Mara mbili uzi ulikataa kuingia mahali pake, nikaufungua nikaanza upya. Yeye alitulia kama meza. Nilichagua manyoya mawili bora kuliko yote, kwa sababu ya woga. Nikafunga mkia, mwili, nikabana mbawa, nikavuta chini wima. Zilisimama. Nikazungusha manyoya, nikafunga kichwa. Nikaomba maji kwenye karai, nikaiweka nzi juu yake. Ikasimama juu ya maji kwa ncha za manyoya, mwili wake haujalowa.

Baba aliinama kuitazama. Na kabla hajainuka, kuku mmoja wa uani alikuja mbio, akanyoosha shingo ndani ya karai kuidonoa. Niliipokonya kabla hajaimeza ndoana. Yule mzee wa kigoda ndiye aliyeanza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha.

"Kwa hiyo mchawi ni wewe," mama mkubwa akaniambia, akanirudishia koleo. "Na mimi ndiye niliyekushikia."

Hakuna aliyemwomba msamaha. Si baba, si wazee. Mimi nilimwomba baadaye, miaka mingi baadaye, na nilikuwa nimechelewa. Siku ile baba aliniambia nichukue manyoya yangu nikawahi basi.

"Lakini hutakula kwangu mpaka jogoo huyu awike," akasema.

Jumatatu, nilipoyachambua mezani, mengi yalikuwa mafupi au yamevunjika. Mazuri yalikuwa ishirini na mawili. Kila nzi ilitaka mawili. Mawili mengine, yale bora, nilikuwa nimeyamaliza uani kwa baba. Nilifunga kumi na moja, na mikono ilinitii kuliko siku yoyote. Ya kumi na mbili nilitafuta chini ya benchi, nikapata manyoya mekundu ya jogoo kijana yaliyobaki kwa mtu, nikayapaka nta kidogo ili yasimame. Nilizipanga zote juu ya karatasi. Mkuria aliinama akazitazama, akasema hajui ipi ni ipi.

Mama pia alizitazama kwa muda. Halafu akaagiza bakuli la maji.

Aliziweka moja moja. Zilisimama. Ya mwisho nayo ilisimama, nikapumua. Yeye hakuondoa macho. Polepole ikainama upande mmoja, ikalowa, ikaenda chini.

"Hii umeitoa wapi?" akauliza.

Uongo nilikuwa nao, tena wa namna tatu. Lakini nilikuwa nimechoka. Nilimweleza yote, jogoo, mama mkubwa, koleo, karai. Mkuria aliacha uzi wake, akageuka kunisikiliza.

Mama akachukua wembe akaipasua ile nzi iliyozama, akakwangua uzi na manyoya mpaka ikabaki ndoana tupu.

"Kumi na moja ni za fundi," akasema. "Moja ulitaka nisiione. Huendi kwenu. Lakini benchi ya juu huipandi leo."

Alinirudishia ndoana, akaniambia nianze.

Nilikaa benchi ya chini mpaka mvua za mwaka uliofuata, ndipo nikapanda. Nyumbani nilipeleka salamu kwamba nimepita, na sikumwambia mtu ni benchi ipi.