Msusi wa Kimara Aliyeletewa Simu Msibani

Saa moja asubuhi, Mbweni, Adelina Chitanda ameshachambua pakiti ya kwanza ya rasta na kuining'iniza kwenye kitasa cha dirisha. Mteja wake amekaa kwenye kigoda, shingo imelegea kwa usingizi. Vidole vinagawa nywele kwa ncha ya kitana, vinaingiza rasta, vinazungusha, vinavuta. Vinajua kazi yao. Macho ya Adelina yako sakafuni, kwenye simu.

Simu imelazwa juu ya kigae, waya wa chaji umeiingia ubavuni, na katikati imefungwa mpira wa kufungia noti. Mpira huo unazuia kioo kisibanduke. Kioo kimeinuka upande mmoja kwa sababu betri iliyo chini yake imevimba, na waya ukichomolewa simu inazima hapo hapo.

"Ikilia niambie, ila usiinyanyue," anamwambia mteja. "Ukiinyanyua tu imekufa, na mie nimekufa nayo."

Mteja anacheka. Adelina hacheki.

Huyu ni mama wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Ndanda, mkazi wa Kimara, mke wa seremala aitwaye Valerian. Ana watoto watatu na hana saluni. Saluni yake ni mfuko wa kitenge wenye vitana, uzi na chupa ya chai anayobebea maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta, pamoja na simu hiyo. Wateja wa Mbweni na Kawe humtumia picha ya mtindo, wakapatana bei, wakamwelekeza nyumba. Siku nzuri anaondoka na Sh40,000 kwa kichwa kimoja. Siku mbaya anakula nauli yake mwenyewe.

Anayeijua Mbweni ataelewa maana ya simu kuzima huko. Nyumba ni mpya, kuta ni ndefu, mageti yanafanana. Ulizia jina la mtaa, kila mtu ana lake. Ulizia jina la mwenye nyumba, mlinzi anakwambia kaanza kazi jana. Wenyeji wenyewe humaliza maelekezo yao kwa maneno yale yale: ukifika kwenye kona, nipigie.

Simu hii aliinunua mpya kabisa kwenye duka la kampuni, Sh480,000, zamu yake ya kupokea kwenye mchezo wa kuchangiana pesa ilipofika. Jina la kampuni hiyo hatulitaji hapa kwa kuwa shauri bado liko mahakamani. Dhamana ilikuwa ya mwaka mmoja. Betri nayo, utadhani imeisoma hiyo dhamana, ikangoja mwaka upite ndipo ikaanza visa.

Alikimbilia kwa Suhaib, fundi simu wa Kimara Mwisho anayemtengenezea kila kitu tangu enzi za simu za tochi. Suhaib aliigeuza, akaitazama ubavuni, akaiweka mezani taratibu.

"Sista, zamani ningetoa mfuniko kwa kucha, nikakuuzia betri kwa elfu kumi, ukaondoka zako," alimwambia. "Hii wameibandika gundi kule ndani. Nikiipasha moto niifungue, kioo kinaweza kupasuka. Na betri iliyovimba hivi nikiikosea inaniwakia mkononi. Siwezi kukudanganya."

Adelina akaenda kwenye duka la kampuni. Pale, kwenye kiyoyozi, kijana mwenye tai alimweleza kwa adabu zote kwamba betri ya toleo hilo haiuzwi peke yake. Alimshauri anunue toleo jipya.

"Yaani nilidhani sijamsikia vizuri," anasema Adelina, sasa ameacha kusuka. "Nikamuuliza, kioo kizima? Kizima. Spika nzima? Nzima. Kamera? Nzima. Sasa mnaniambia nitupe simu nzima kwa ajili ya betri? Mbona tochi yangu ikiisha betri siitupi?"

Ni nani asiyekumbuka simu zetu za zamani? Inaanguka, mfuniko huku, betri kule, unaviokota, unaviunganisha, unaendelea na maongezi ulipoishia. Betri ikichoka unanunua nyingine kwa machinga, tena unachagua. Leo tunauziwa kitu kwa bei ya mbuzi watatu, halafu tunaambiwa si halali kukichungulia ndani. Na hakuna aliyetuambia hivyo wakati tunahesabu pesa.

Msimu wa harusi uliopita, Adelina alipata kazi ya bibi harusi na wasindikizaji wake, hapo hapo Mbweni. Alipokea malipo ya awali, akanunua rasta, akatoka nyumbani na simu iliyosoma chaji nusu. Alipofika kwenye kona akapiga. Ikaita mara moja, ikazima.

Alizunguka juani na mfuko wake begani, akigonga geti hili na lile, hadi muuza duka mmoja alipomwonea huruma akamchomekea chaji. Simu ilipowaka, ujumbe ulikuwa umejaa. Bibi harusi alishatafutiwa msusi mwingine. Mama yake bibi harusi alikuwa ameweka picha ya Adelina kwenye kundi la akina mama, na chini yake neno moja: TAPELI.

"Malipo yao nilirudisha siku ile ile," anasema. "Lakini neno lile hujui limefika kwa nani. Nasuka miaka kumi na nane, sijawahi kuitwa mwizi. Nimeitwa mwizi kwa sababu ya gundi."

Hapo ndipo hasira ilipogeuka kuwa kesi. Kumbe kwa Suhaib walikuwa wamepita wengine wenye simu aina ile ile na uvimbe ule ule, akiwemo Brightson, dereva wa bodaboda wa Kimara anayepokea abiria kwa programu ya simu. Wakakutana sita. Wakili wa kituo kimoja cha msaada wa kisheria, Deogratias Kaijage, akakubali kuwasimamia. Wanadai kwamba kampuni iliwauzia bidhaa bila kuwaeleza kuwa betri ikifa na simu imekufa, na kwamba inakataa kwa makusudi kuwauzia kipuri.

Utetezi wa kampuni ni kwamba muundo huo ni wa kisasa na unalinda simu isiingie maji. Adelina akisikia hivyo hupiga makofi ya kejeli.

"Isiingie maji! Mie msusi, kaka. Nikazamie wapi?"

Kesi ilikuwa inaenda polepole lakini inaenda. Kisha mama yake Adelina akafariki, kule Ndanda.

Akaenda kuzika. Aliporudi Kimara, majirani wakaja kumpa pole, kama ilivyo ada. Mkeka ukatandikwa uani, yeye akakaa katikati na khanga kichwani, watu wakiingia na kutoka na kilo ya sukari, na mchele, na bahasha. Mchana mmoja akaingia mjumbe wa shina, Mzee Jabiri, akiwa na wageni wawili: mwanamke mwenye sauti ya upole na kijana aliyeshika simu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hawa wageni wameniuliza nyumba yenye msiba, nikaona niwalete mwenyewe."

Mwanamke alijitambulisha kwa jina, akasema anatoka kampuni ile ile ya simu, kwamba wamesikia habari za mama na wamekuja kama binadamu. Adelina alishtuka kidogo. Hata hivyo, aliyekuja msibani ni mgeni wa msiba, mengine yanasubiri. Mwanamke akapiga magoti kwenye mkeka, akamkabidhi mfuko mzito wenye nembo ya kampuni. Adelina akaupokea kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa, akatamka anachotamka kila mfiwa: "Ahsanteni sana, nimepokea. Mungu awabariki."

Kijana alikuwa anarekodi.

Siku mbili baadaye Adelina alimimina mchele wa mfuko ule kwenye ndoo apike. Chini ya mchele, limefungwa kwenye nailoni, lilikuwemo boksi la simu. Mpya. Toleo jipya.

"Nilikaa chini," anasema. "Nitakwambia ukweli, niliitamani. Yangu ilikuwa imezima tangu kule makaburini. Mume wangu akasema, 'Mama Stephano, si wamekupa? Washa, upate wateja.' Nikaikodolea macho usiombe. Halafu nikajiuliza, kwa nini wameificha kwenye mchele? Mtu anayekupa kitu si anakuonyesha?"

Hakuikata hata nailoni. Kesho yake alikwenda kuirudisha dukani. Mapokezi wakagoma kuipokea, wakidai hawana taarifa. Alipotoka nje, simu ya kuazima aliyoitia laini yake ikaita. Ilikuwa Brightson.

"Dada, umetuuza," alisema, akakata.

Video ilikuwa imeshatua kwenye kundi la walalamikaji. Nani aliituma, hadi leo haijulikani. Ndani yake Adelina anaonekana akiinama na kupokea mfuko wenye nembo, sauti yake safi kabisa: ahsanteni sana, nimepokea. Mkeka haupo. Waombolezaji hawapo. Khanga ya msiba inaonekana ncha tu ukingoni mwa picha. Walalamikaji wawili, wakiamini mwenzao keshachukua chake, wakaenda kwa kampuni kuchukua simu mpya na kujitoa kwenye kesi.

Adelina alikuwa bado hajamaliza kumlilia mama yake.

Katika kikao kilichofuata, wakili wa kampuni alisimama na video hiyo. Akaiomba mahakama ifute madai ya Adelina, kwa hoja kwamba ameshapokea simu mpya na kuridhika kwa kinywa chake. Na kama aliyekuwa mbele ya wote ameridhika, akaongeza, madai ya waliobaki yana uzito gani?

Adelina alikuwa amekuja na mfuko ule ule. Hakimu alipomruhusu kusema, aliuweka mezani na kutoa boksi, nailoni ikiwa haijaguswa.

"Mheshimiwa, hawa walikuja kwenye mkeka wa mama yangu," alisema. "Mtu akija na rambirambi namrudishaje? Nimkague mfuko mbele ya majirani? Sie kwetu hatufanyagi hivyo, na wao wanajua hatufanyagi. Ndiyo maana walikuja siku ile."

Mzee Jabiri alikuwepo, amevaa koti licha ya joto. Aliomba naye aseme. Alieleza kuwa yeye ndiye aliyewaongoza wageni hadi mlangoni, na kwamba wakiwa njiani walimwambia wanakwenda kuhani na hawakumtajia simu wala kesi.

"Wamenifanya mimi nimsaliti mtoto wangu kwenye msiba wake," alisema mzee.

Tulipowatafuta, kampuni walijibu kwa maandishi kwamba walikwenda kwa nia njema ya kibinadamu, na kwamba hawawezi kuzungumzia jambo lililo mahakamani. Nia njema gani hiyo inayofunikwa kwa mchele, inayorekodiwa kwa kificho, na kukatwa kipande chenye mkeka? Hilo hawakujibu.

Wiki mbili zilizopita hakimu alitoa uamuzi. Alisema kupokea rambirambi ni kupokea rambirambi, na kwamba haoni makubaliano yoyote kati ya pande hizi. Ombi la kampuni likatupwa. Shauri litaendelea na walalamikaji wanne waliobaki.

Brightson alimfuata Adelina kwenye ngazi za mahakama. "Dada, nilikukosea," alisema. Adelina alimwambia ampeleke nyumbani kwa bodaboda na asimtoze hata senti, wakawa wamemalizana.

Lakini kabla hawajaondoka, wakili wa kampuni aliwapita, akatabasamu, akaonyesha mfuko.

"Mama, hiyo simu baki nayo tu. Kampuni haiihitaji. Ni mpya kabisa."

"Betri yake inatoka?" akauliza Adelina.

"Haitoki, mama. Lakini ni mpya."

"Hata hii yangu ilikuwa mpya."

Akauweka mfuko miguuni pa wakili, akapanda pikipiki.

Leo, Mbweni, kichwa cha mteja kimefika nusu. Adelina anachovya ncha za rasta kwenye maji ya moto na kuzifuta kwa taulo. Anasema fidia ikija ataipokea, maana karo za watoto hazijui kesi, ila anachokitaka zaidi ni kingine. Anataka kila boksi la simu liandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, kwamba betri yake haibadilishwi, ili mtu mwenye pesa ya mchezo mkononi asome na kuamua mwenyewe. Na anataka betri ziuzwe, na simu zifunguke, mafundi kama Suhaib wafanye kazi yao.

Usikilizwaji unaanza mwezi ujao, na yeye ni shahidi wa kwanza. Wakili Kaijage ameanza kumwandaa. Amemfundisha kujibu kwa ufupi, kumtazama hakimu, kutomkatiza mwenzake.

"Kaniambia pia nisikasirike," anasema Adelina, akiushika msuko mwingine. "Nitajibu kwa ufupi. Nitamtazama hakimu. Nitangoja mtu amalize ndiyo niseme. Lakini wakiniuliza kuhusu siku ile kwenye mkeka wa mama yangu, nimemwambia kabisa, wakili, hilo la kutokukasirika sikuahidi."