Bwana Gundi na ramani aliyoikata mwenyewe

Saa mbili na robo asubuhi, katika stoo ya shule moja ya sekondari, mzee mwembamba amepiga magoti mbele ya rafu ya rejista za mahudhurio. Hasomi kilichoandikwa. Anagonga majalada kwa kidole, moja baada ya jingine, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamo.

"Hii yangu," anasema, akichomoa moja yenye kitambaa cha kijani kilichopauka. "Tazama mshono. Mimi fundo nalifunga ndani, kushoto. Wenzangu walikuwa wanafunga nje, kama viatu."

Mtunza stoo, mama mcheshi ambaye funguo zinamlia kiunoni kila akigeuka, amesimama mlangoni akicheka.

"Mara ya kwanza nilidhani ni mwizi," anasema. "Halafu nikajiuliza, mwizi gani huyu, anaiba rejista ya watoto ambao siku hizi wana wajukuu, kisha anairudisha ikiwa mpya?"

Mzee huyo ana miaka 61 na kila mtu anamwita Bwana Gundi, hata mkewe, hasa akiwa amekasirika. Ni fundi wa kujalidi vitabu. Siku nne kwa wiki anajalidi kazi za wateja wanaolipa: vitabu vya stakabadhi, tasnifu za wanafunzi, vitabu vya dini vilivyoachia kurasa. Siku nyingine mbili anazunguka mashuleni, zahanati na maofisini akiomba majalada aliyoyatengeneza ujanani. Masharti yake ni mepesi. Ukimpa jalada la zamani, anakutengenezea jipya bure.

Anapasua kitambaa pembeni kabisa kwa kisu kidogo, kisha anapitisha sponji yenye maji ya uvuguvugu. Halafu anasubiri. Gundi ya zamani ilipikwa kwa unga wa ngano, na ikikutana na maji inakumbuka kwamba iliwahi kuwa uji. Baada ya dakika ishirini karatasi inaanza kuachia kadibodi, na mistari ya kahawia inajitokeza: vilima, korongo, na mto uliochorwa kwa vidoti kwa sababu maji yake ni ya msimu.

"Namba kumi na moja, kona ya chini, kulia," anasema bila hata kuvaa miwani. "Ninazo tatu za hivi."

Hakasiriki. Anailaza katikati ya karatasi za kunyonya maji na kuandika tarehe kwenye daftari lake. Hilo ni jalada la 412.

Ramani zenyewe ni za pori kubwa la kaskazini, lisilo na kijiji wala lami. Wapima ramani walilipima kwa miguu karibu miaka sitini iliyopita, wakalichora kwenye karatasi thelathini na sita. Kila sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya pori. Baadaye zilichapwa ramani mpya zilizotokana na picha zilizopigwa angani kwa ndege, na zile za zamani zikapelekwa kwenye kiwanda cha uchapaji zikatumike kama karatasi chakavu. Huko mezani alikuwa akizisubiri kijana wa miaka ishirini na nne mwenye mkasi.

"Kijana huyo ndiye mimi," anasema Bwana Gundi. "Karatasi ya ramani ni ngumu. Ukiibandika kwenye kadibodi, jalada linadumu mpaka wewe uchoke. Nilikuwa nakata kila ramani vipande vinne, kila kipande jalada moja. Msimamizi akanisifu kwamba sipotezi hata inchi. Basi nikavimba kichwa."

Thelathini na sita mara nne ni vipande 144. Mpaka sasa amepata 131, ukiacha vile vilivyojirudia. Askari wa wanyamapori wamekuja mara mbili kuvinakili, kwa kuwa vinaonyesha visima na njia ambazo ramani mpya hazina. Amewapokea, akawapa chai, akawakataza kugusa kwa mikono yenye jasho.

Nyumbani hana kabati la ramani. Zimelazwa chini ya godoro la kitanda cha ndoa ili zinyooke.

"Miaka kumi na moja nalala juu ya tembo na simba," anasema mkewe, akimmiminia mwandishi chai. "Nikijigeuza naambiwa taratibu, unakunja korongo. Mwanamke mwenzangu akilalamika kwamba mumewe analeta kazi nyumbani, mimi namwangalia tu."

Lakini ukimtania kwamba mumewe ana wazimu wa karatasi, sauti yake inabadilika. "Usiseme hivyo. Anamtafuta baba yake."

Baba yake Bwana Gundi alikuwa mshika mnyororo katika kikosi cha wapima ramani. Kazi yake ilikuwa kutembea mbele na kuunyoosha mnyororo wa chuma uliotumika kupimia ardhi. Homa ilimkamata huko porini, akafa kambini, mwanawe akiwa na miaka mitatu. Karani wa kikosi alimwandikia mjane barua ya mistari minne. Ilisema marehemu amezikwa karibu na kisima, chini ya rundo la mawe, na kwamba mahali hapo pametiwa alama kwenye ramani, karatasi namba 23.

Mama yake hakujua kusoma. Alisomewa barua mara moja, akaikunja, akaitia kwenye kopo la biskuti, akalea watoto wake. Miaka kumi na moja iliyopita, nyonga ilipoanza kumsumbua, alimwita mwanawe wa kiume, akampa lile kopo.

"Aliniambia, baba yako yuko kwenye ramani ya serikali, miaka yote hii nimetulia kwa sababu najua anatunzwa," anasema Bwana Gundi. Anasugua kidole gumba kwenye ukingo wa meza. "Nilisoma namba ishirini na tatu, nikakaa chini sakafuni. Anatunzwa na nani? Na mimi, nikiwa na mkasi."

Alikwenda ofisi ya ramani. Wakamjibu kwa heshima kwamba nakala zao za zamani ziliharibiwa na bomba lililopasuka. Ramani mpya zilipochorwa kile kisima kilikuwa kimeshakauka, hivyo hakikuchorwa, na alama iliyokuwa pembeni yake nayo ikaachwa. Siku ya tatu alipiga moyo konde, akamweleza mama yake ukweli wote.

Mama akasema, "Basi wewe uliyekata ndiye utakayeunga."

Vipande vitatu vya namba 23 alivipata zahanati. Kulikuwa na rejista mbili za wagonjwa, alizozijalidi katika wiki moja. Ya kwanza ilimpa viwili, mbele na nyuma. Ya pili ilimpa kimoja mbele. Nyuma hakukuwa na ramani, ila kadibodi ya katoni ya sabuni. Na hakuna kisima kwenye vipande vyote vitatu.

"Hapo ndipo nilipojikamata," anasema. "Mimi nilikuwa sijalidi kwa katoni ya sabuni, nilikuwa na maringo. Kwa nini niliweka katoni? Kwa sababu kile kipande cha nne nilikuwa nimeshakichukua. Tuseme nilikiiba. Nikamtengenezea mama albamu."

Albamu hiyo ipo. Ina picha kumi na moja, na ukurasa wa kwanza una picha pekee ya baba yake. Mama huishika kila siku baada ya chakula cha mchana, na jalada lake la mbele limekuwa laini na jeusi kwa vidole vya miaka thelathini na saba. Kwa miezi minane Bwana Gundi alijua, au alidhani anajua, na hakumwambia yeyote ila mkewe. Mtu aliyepasua majalada 412 aliliogopa moja.

"Nikiliharibu halafu isiwemo, je?" anauliza. "Atakuwa amepoteza kaburi na albamu. Mganga hajigangi, ndugu yangu."

Yeye na mkewe wanatupeleka kwa mama yake mzazi. Tunamkuta sebuleni, kwenye kiti cha mikono, miguu juu ya kigoda. Ana miaka 80 na macho yake yameingia ukungu, ila masikio hayana shida. Hatujakaa vizuri, anauliza.

"Mwanangu, mbona kila ukija unaisogelea hiyo albamu kama paka aliyeona samaki? Sioni vizuri, lakini nasikia unavyopumua."

Bwana Gundi anajikuna shingo. Anakohoa. Kisha anasema yote, la zahanati, la katoni ya sabuni, la wizi. Mama anasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulinipa zawadi ya wizi."

"Ndiyo, mama."

"Na miezi minane umeniacha nikiwa nimemshika mume wangu mkononi bila kujua?"

"Sina hakika, mama. Huenda si humo nilimomweka."

"Basi pasua. Baba yako alinijia na miguu mirefu na hana hata ng'ombe mmoja, na sikuogopa. Leo niogope jalada?"

Anaanza na la nyuma, lililoguswa kidogo. Sponji, maji ya uvuguvugu, dakika ishirini. Karatasi inaachia, na Bwana Gundi anaitambua kabla haijatoka nusu. Ni namba nne, mchanga mtupu, na anayo tayari. Anaweka sponji chini.

"Na la mbele?" anauliza mama.

Kitambaa cha mbele anakivua polepole, chote kizima, bila kukipasua, maana atakirudisha. Karatasi inatoka na kona moja imechanika. Pembeni imeandikwa 23. Kuna barabara ya magari iliyochorwa kwa mistari miwili, kuna korongo, kuna duara dogo la buluu la kisima. Kando ya duara kuna alama ya rundo la mawe na neno moja kwa herufi ndogo: kaburi.

Bwana Gundi anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Analia waziwazi, na haoni haya. Kisha anaushika mkono wa mama yake, anachagua kidole cha shahada, anakiweka pale.

Mama anakaa na kidole chake hapo muda mrefu. Mkewe Bwana Gundi ameshika mlango wa jikoni na hasogei.

Askari wa wanyamapori, wakipigiwa simu mchana huohuo, wanasema wanaijua barabara ile na kiangazi gari lao linapita. Bwana Gundi anaahidi kuwajalidia vitabu vyao vyote vya doria. Anapanga kwa sauti: mwezi gani, nani atabeba maji, machela itapatikana wapi ya kumbeba mama kutoka barabarani.

"Ni mbali, kutoka hiyo barabara?" mama anamkatiza.

Anachukua rula, anapima, anapima tena: kilomita tatu za pori.

"Sentimita sita, mama."

"Machela ya nini, sasa?" anasema mama. "Nifikisheni barabarani kwa gari lenu. Hizo sentimita sita nitakwenda kwa miguu yangu."